Uani, Barazani na Hewani: Historia ya Mazungumzo ya Chakula na Uzima Makorora na Mwambao wa Tanga

Mazungumzo yanayorekodiwa kwa sauti juu ya mapishi, mila na hali ya mwili na moyo, ambayo siku hizi huitwa podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili kila msikilizaji akisikilize kwa saa yake, huelezwa mara nyingi kuwa ni jambo geni lililoingia na simujanja. Kwa upande wa chombo, maelezo hayo hayana kosa. Kwa upande wa mazungumzo yenyewe, yanapotosha. Katika kata ya Makorora jijini Tanga, kama ilivyo katika mitaa jirani ya Ngamiani na Msambweni na katika miji midogo ya mwambao kuanzia Moa hadi Pangani, mazungumzo ya aina hiyo yalikuwapo muda mrefu kabla ya redio, na yalikuwa na mahali pake, saa zake, wasemaji wake na mipaka yake. Historia yake ni historia ya mipaka hiyo: nani aliruhusiwa kusema nini, wapi, na mbele ya nani.

Mpaka wa kwanza ulijengwa kwa udongo na boriti. Nyumba ya Kiswahili ya mjini, ile ya vyumba vitatu kila upande na ukumbi mrefu katikati, ina milango miwili inayotazamana. Mlango wa mbele hutokea barazani, yaani kwenye kibaraza cha kukalia kinachopakana na barabara, na mlango wa nyuma hutokea uani, penye jiko, kisima au bomba, kamba za nguo na choo. Nyumba za namna hiyo ziliongezeka Tanga baada ya mwaka 1893, wakati Wajerumani walipoanza kujenga reli ya Usambara kutoka bandarini na wakati huohuo Richard Hindorf alipoingiza mbegu za mkonge, zao ambalo lingeufanya mji huo mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara kuwa makutano ya watu wa kila pembe. Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wasambaa na Wazigua walikutana humo na Waarabu, Wangazija, Wahindi na vibarua wa mashambani waliotoka mbali, walioitwa manamba kwa sababu waliandikwa kwa namba. Watu hao wote walipopanga vyumba katika nyumba moja walipata baraza moja na ua mmoja, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuchanganyika.

Baraza lilikuwa la wanaume zaidi. Baada ya sala ya alasiri, na tena baada ya isha, muuza kahawa alipita na dele lake, birika la shaba lenye mdomo mrefu uliopinda, likiwa juu ya jiko dogo la makaa, huku akigonganisha vikombe vidogo mkononi ili asikike kabla ya kuonekana. Kahawa ile haikuwa na sukari. Utamu ulitoka kwenye kashata ya nazi au ya karanga iliyotafunwa kidogokidogo ili idumu vikombe vitatu. Kete za bao ziliendelea kulia, na katikati ya mchezo yalisemwa ya bei ya samaki, ya msiba, ya mwezi kuandama, ya dawa ya mgongo na ya mtu aliyepungua mwili ghafla. Waliokaa barazani walisemezana mengi juu ya afya, lakini walisema kwa kuzunguka, kwa maana barabara ilikuwa inasikia, na mtu mzima hakutarajiwa kutaja ugonjwa wake mwenyewe isipokuwa kwa mafumbo.

Uani ndiko yalikokuwa maarifa yenyewe. Mwandishi wa historia akiyatafuta maarifa hayo katika nyaraka za serikali hatayapata, kwa kuwa yalihifadhiwa katika kazi: mwanamke aliyekalia mbuzi, kile kibao chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, alikuwa na mikono iliyoshughulika na mdomo ulio huru, na mwali aliyekaa karibu naye akichambua mchele au kumenya mbaazi alisikia, kwa muda wa kukuna nazi mbili na kukamua tui zito na tui jepesi, mambo ambayo hakuna darasa lililokuwa likiyafundisha. Hapo ndipo ilipoelezwa kwa nini tui jepesi hutangulia kuivisha mbaazi na tui zito hungoja mwisho, na hapohapo ndipo ilipoelezwa kwa nini mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, huwekwa ndani siku 40, hukandwa kwa maji ya moto na hunyweshwa uji wa pilipili manga.

Maelezo ya uji huo yalikuwa na nadharia kamili nyuma yake. Watu wa mwambao waligawa vyakula katika vya moto na vya baridi, si kwa kipimo cha jiko bali kwa tabia ya chakula chenyewe kinapoingia mwilini, na waliamini kwamba maradhi mengi ni mizani iliyoinama upande mmoja. Mgawanyo huo ni jamaa wa tiba iliyoitwa ya Kiyunani, iliyoandikwa na Wayunani wa kale, ikaendelezwa na matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, na kusafiri pamoja na vitabu, wafanyabiashara na misafara ya majahazi katika Bahari ya Hindi. Mzazi alihesabiwa kuwa amepoteza joto pamoja na damu, na pilipili manga ililirudisha. Si haki kuyaita maarifa hayo kuwa ni porojo za jikoni. Yalikuwa elimu yenye misingi, na walimu wake, mkunga na kungwi (mwanamke mzoefu anayemfunda mwali katika unyago), walikuwa na heshima na malipo yao.

Sahani nayo ilibeba historia hiyo. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki vilibaki kuwa chakula cha heshima, lakini Wadigo walikuwa na bada, ugali wa unga wa muhogo, ulioliwa kwa papa au kwa mboga za majani. Mashamba ya mkonge yalieneza ugali wa mahindi kwa njia ya posho, mgao wa unga aliopewa kibarua kama sehemu ya ujira wake. Muheza ikaleta machungwa, na Usambara ikaleta mboga za baridi. Kwa hiyo majirani wa ua mmoja walipopelekeana sahani wakati wa futari, kila sahani iliyovuka kizingiti ilikuwa pia swali: hiki kinapikwaje, na kinaufaa nini mwili? Ni vigumu kufikiria mahali bora zaidi pa kulinganisha mila za chakula kuliko ua wa nyumba ya kupanga.

Maandishi yaligusa mambo hayo mapema, ingawa kwa mkono wa wanaume mara nyingi. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye aliandika juu ya uzazi, vyakula, magonjwa na ngoma za pepo kwa utulivu wa mtu anayesimulia ya kwao. Tanga yenyewe ilikuwa na shule ya serikali tangu miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ilichapa gazeti la Kiongozi, ambalo kwa kuwa wasomaji walikuwa wachache lilihitaji kusomwa kwa sauti mbele ya wengine. Gazeti likawa, kwa namna hiyo, kitu cha kusikilizwa. Katika upande wa ushairi, Mwana Kupona binti Msham alikuwa amekwisha kumtungia binti yake utenzi wa nasaha mnamo 1858 huko kaskazini mwa mwambao, na karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909 na kufanya kazi ya ukarani wa forodha Pangani kwa miaka mingi, naye alimtungia binti yake utenzi wa namna hiyo. Tungo za aina hii zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa wazee wa mazungumzo ya uzima, kwa maana ndani yake mzazi anasema na mtoto mmoja, na umma unaruhusiwa kusikia.

Neno uzima lenyewe lina upana ambao neno afya halina. Afya ni kutokuwa mgonjwa. Uzima ni ukamilifu, ni hali ya kitu kisichovunjika, na ndiyo maana watu hujibu salamu kwa kusema wazima. Kuvunjika kwa moyo kuliwekwa katika uzima huohuo, na tiba yake ilikuwa ya watu wengi pamoja: ngoma ya pepo, ambamo mgonjwa alizungukwa na jamaa na waganga usiku kucha, au kisomo na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji na kunywewa. Wamisionari wa Kijerumani walileta njia nyingine waliposimamisha Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 wakawapokea humo wagonjwa wa akili, hata pakawa hospitali ya mwanzo ya aina hiyo nchini. Tofauti kati ya njia hizo mbili ilikuwa kubwa: huku mgonjwa aliwekwa katikati ya watu wake, kule alipelekwa mbali nao mlimani. Hata hivyo, Lutindi iliwapa kazi za shamba na mikono wagonjwa ambao pengine wangefungwa minyororo, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa.

Redio ndiyo iliyovunja ukuta kati ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Matangazo ya Kiswahili yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, yakapata shirika lake mwaka 1956, na mwaka 1965 yakawa mali ya serikali chini ya jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilianza tarehe 27 Juni 1957. Mwanzoni seti ya redio ilikuwa samani ya barazani au sebuleni, ikiwekewa kitambaa kilichodariziwa na kuguswa na baba peke yake. Ilipokuja redio ndogo ya betri, hasa zile za National zilizounganishwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa mwaka 1966, sauti iliweza kubebwa na mpini hadi jikoni. Kwa mara ya kwanza mwanamke aliyekuwa akipepea jiko na mwanamume aliyekuwa akicheza bao walisikia maneno yaleyale, kwa dakika ileile, juu ya mwili wa binadamu.

Kilele cha zama hizo kilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wanaorekodi vipindi vya afya leo hawajawahi kuisikia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilikuwa imekwisha kujaribu njia hiyo kwa kampeni ndogo kama Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, ilipanga wiki 12 za vipindi vya redio vilivyokwenda sambamba na kitabu chenye lugha nyepesi, ikafundisha viongozi wa vikundi kwa maelfu, na kuwaita wananchi wajiunge katika vikundi vya kusikiliza. Washiriki walifika takribani milioni 2 katika vikundi vipatavyo 75,000. Mada zilikuwa malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu, lakini kilichoifanya kampeni hiyo kuwa ya pekee si mada zake. Kikundi kilikutana mahali pamoja, mara nyingi chini ya mti au kwenye baraza la nyumba, kikasikiliza kipindi hadi mwisho, kiongozi akasoma sura ya kitabu kwa niaba ya wasiojua kusoma, kisha mazungumzo yakafunguliwa kwa swali: je, jambo hili lipo hapa kwetu? Likikubaliwa kwamba lipo, kikundi hakikutawanyika kabla ya kuamua la kufanya. Mashimo ya vyoo yalichimbwa, vichaka vilifyekwa, madimbwi yalifukiwa, na wiki iliyofuata kikundi kilirudi na majembe yakiwa bado na udongo.

Mwaka huohuo wa 1973 Bunge lilipitisha sheria namba 24 iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe, na baada ya ukame uliosababisha upungufu mkubwa wa chakula ikafuata, mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyowafikia watu wapatao milioni 1.5. Kwa historia ya mazungumzo ya chakula, kampeni hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa iliingia moja kwa moja katika eneo la uani: nini apewe mjamzito, nini aachishiwe mtoto ziwa, mboga ipikwe kwa muda gani. Hapa pia ndipo penye udhaifu wake. Somo liliandikwa kwa nchi nzima kutoka makao makuu, kwa lugha ya makundi ya vyakula vya kujenga mwili, kutia nguvu na kulinda, na lugha hiyo haikuwa na nafasi ya joto na baridi, mizani ambayo mkunga wa Tanga alikuwa akiitumia kila siku. Mwenye maarifa ya zamani aliketishwa kama mwanafunzi pale ambapo angeweza kuwa shahidi. Kampeni hizo zilikuwa na adabu ya kusikiliza kikundi baada ya kipindi, lakini hazikuwa na njia ya kurudisha sauti ya kikundi hewani.

Miaka ya 1990 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa hadithi. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliotangazwa mara mbili kwa wiki kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ambao mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, alijulikana kuliko viongozi wengi. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walilinganishe na maeneo mengine, na matokeo yalionyesha kwamba wasikilizaji walibadili mwenendo kweli, tena baada ya kuzungumza na wenzi na majirani zao juu ya waliyoyasikia. Katika kipindi hichohicho, Pangani na Tanga, madaktari na waganga wa tiba asili walianza kushirikiana katika kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, ushirikiano uliolelewa na kikundi cha Tanga AIDS Working Group katika hospitali ya Bombo. Mkoa ambao sifa yake ya uganga ilikuwa imetumika kuudhihaki ukawa umetoa funzo la namna elimu mbili zinavyoweza kuketi mkeka mmoja. Pangani pia ndiko lilikoota shirika la UZIKWASA, ambalo jina lake ni kifupi cha Uzima kwa Sanaa, na ambalo kwa maigizo, filamu na kituo chake cha Pangani FM liliwapa wanavijiji kipaza sauti cha kuelezea matatizo yao kwa lafudhi yao. Hapo mduara ulikamilika kwa mara ya kwanza: aliyekuwa akisikiliza akawa anasikika.

Kutoka hapo hadi podikasti njia ilikuwa fupi, na sehemu yake kubwa ilipitiwa kimyakimya. Kaseti za mawaidha na taarabu, zikiwemo nyimbo za Black Star na Lucky Star zilizoipa Tanga jina katika mwambao wote, zilikuwa zimekwisha kuwazoesha watu kurudia sauti waliyoipenda. Zikaja diski, kisha kadi ndogo za kumbukumbu zilizojazwa sauti kwa malipo katika vibanda vya mitaani. Mkonga wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, bei ya intaneti ilianza kushuka, na baada ya miaka michache sauti zilirushwa kwa WhatsApp kutoka Makorora kwenda Muscat na kurudi. Serikali nayo ilitambua kwamba utangazaji umehama: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka watoa huduma za redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni, kwa ada zilizofikia mamilioni, mzigo ambao kijana wa mtaani asingeweza kuubeba na ambao, kwa hakika, uliwanyamazisha baadhi ya wale waliokuwa na mengi ya kusema kabla ya masharti kulegezwa.

Kinachosikika sasa katika vipindi hivyo kina sura ya uani kuliko ya studio. Wasemaji wawili au watatu hukaa, hawana haraka, huanzia kwenye mapishi na kuishia kwenye ndoa, kisukari, presha au sonona, neno ambalo wataalamu wamelichagua kwa huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu ya kula, usingizi na kazi. Mazungumzo ambayo zamani yalikatizwa mara mgeni alipobisha hodi sasa yanasikilizwa na wageni wasiohesabika. Faida yake ni kubwa kwa mtu aliyedhani kwamba dhiki yake ni aibu ya peke yake. Hasara yake ni kwamba ulezi uliokuwa uani umepungua: mkunga aliposhauri dawa alimjua mgonjwa, alijua amekula nini jana, na kesho yake alipita kumwangalia, ilhali sauti inayosifia mchanganyiko wa tangawizi na vitunguu saumu mtandaoni haijui nani ana vidonda vya tumbo na haipiti kesho. Wanaorekodi kwa uaminifu wanalitambua hilo, na humwita muuguzi au mtaalamu wa lishe aketi pamoja na bibi mwenye mapishi, ili kila mmoja aulizwe mbele ya mwenzake. Huko ndiko kutimiza kile ambacho kampeni ya mwaka 1975 haikupata nafasi ya kukifanya.

Namna ya kusikiliza nayo haijakubali kuwa ya mtu mmoja mmoja kama watengenezaji wa simu walivyokusudia. Hedifoni ni za safarini, ndani ya daladala na bodaboda. Nyumbani, jioni, simu hutumbukizwa ndani ya bakuli la bati au sufuria tupu ili sauti ikue, na bakuli huwekwa juu ya ukingo wa karo, mbali na maji lakini karibu na jiko. Mbaazi zinachemka, tui zito liko pembeni limefunikwa kwa kawa. Msemaji akitaja chumvi, mmoja wa wasikilizaji husema kwamba kwao huiweka baadaye, mwingine humkatalia, kidole chenye unyevu wa nazi hugusa kioo, kipindi husimama, na mjadala huendelea bila simu mpaka jirani wa chumba cha pili atakapouliza kwa sauti kutoka dirishani ni nani aliyekizima na hali hakijafika mwisho.